Ushauri: Usiku niko peke yangu wodini, nalazimishwa kujaza presha ambazo sikupima

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa walioko sekta ya afya na wanaojua sheria za kazi.

Mimi ni muuguzi, hospitali ya binafsi hapa Tanzania, jina nalihifadhi. Niko wodi ya wazazi, upande wa waliokwisha kujifungua na waliotoka upasuaji. Mchana tunakuwa watatu au wanne. Usiku nabaki mimi na mhudumu wa afya mmoja, akina mama wakiwa zaidi ya 30, na watoto wao wachanga ambao kwenye rosta hakuna anayewahesabu.

Mama aliyetoka kujifungua anatakiwa aangaliwe kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo: presha, mapigo, damu inayotoka, mfuko wa uzazi kama umejikaza. Leba wakiniletea watatu kwa mpigo, na kuna mwingine wa kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, hesabu inakataa. Huyo wa magnesiamu peke yake anataka mtu: kabla ya kila dozi nihakikishe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitikia likigongwa, mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kwa hiyo naanza na walio hatarini zaidi, na chati za wengine zinabaki na mapengo.

Mkuu wa wodi anataka niyajaze asubuhi ili wakaguzi wakija wasikute nafasi tupu. Wenzangu wanajaza 110/70 kwa kila mama. Mimi nimekataa. Sasa naitwa mkaidi, na mkataba wangu unakaribia kuisha. Ninachoogopa ni hiki: daktari akipita asubuhi akaona 110/70 saa 8, saa 9, saa 10 usiku, ataamini mama yuko salama kumbe anavuja damu taratibu.

Nifanyeje bila kupoteza kazi, na bila mama yeyote kufia mikononi mwangu?

Matroni_Mstaafu

Pole sana mwanangu. Msimamo wako ni sahihi, usiuache. Chati yenye pengo inamwambia daktari kwamba huyu mama hajaonwa, aanze naye. Presha ya kubuni inamwambia ampite. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupitia vifo vya uzazi, na kinachoumiza kuliko vyote ni faili safi la mama aliyekufa. Namba zote nzuri, halafu ghafla amefariki. Hapo hamjifunzi kitu, maana faili linasema alikuwa mzima.

Lakini usiliache pengo likiwa bubu. Andika papo hapo: "Saa 8 hakupimwa, muuguzi 1, wagonjwa 34, nilikuwa na mgonjwa wa magnesiamu kitanda namba 3." Weka saini na saa. Kwenye ripoti ya zamu rudia hivyo hivyo. Usiandike kwamba umechoka. Uchovu wako ni wa kweli, ila kiongozi anausoma kila siku na hashtuki tena. Andika mgonjwa amekosa nini.

Na kumbuka saini ni yako. Likitokea la kutokea, Baraza la Uuguzi na Ukunga litaita mwenye saini, halitamwita aliyekuagiza kwa mdomo.

Mzee_wa_Hesabu

Nafanya utawala hospitalini, niseme upande wetu. Ajira mpya ni ngumu, malipo ya bima huchelewa na mishahara haisubiri. Lakini hili lako si la fedha tu. Mchana watatu au wanne, usiku mmoja, wakati mama kutokwa damu hakuchagui saa? Omba rosta ipangwe upya, mmoja wa mchana ahamie usiku. Ombi lisilo na gharama ya ajira mpya, meneja hana pa kulikwepea. Peleka kwa maandishi kwa matroni, nakala kwa mganga mfawidhi na timu ya uboreshaji huduma.

Nesi_wa_Nairobi

Dada, kwenye barua usisahau watoto. Jimbo la California, Marekani, ambako idadi ya wagonjwa kwa muuguzi imewekwa kisheria tangu 2004, muuguzi wa wodi kama yako haruhusiwi kuzidisha akina mama 4 pamoja na watoto wao. Mtoto naye ni mgonjwa wake: anapumua vipi, ana joto, ananyonya, kitovu kinatoa damu?

Ukiulizwa ushahidi, upo. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, huko huko Marekani, wagonjwa wa upasuaji: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mwaka 2014 wakapata asilimia 7 tena kwenye nchi 9 za Ulaya. Huko wanabishana kuhusu mgonjwa mmoja wa ziada. Wewe una wodi nzima.

Sheria_Mkononi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mtu hapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na kati ya zamu na zamu apumzike saa 12. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Kama ulikuwa na sababu ya msingi kutarajia mkataba uhuishwe na wakakunyima, huko nako ni kuachishwa, unaweza kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30. Ndiyo maana barua zako zipigwe mhuri wa kupokelewa.

Baba_Mapacha

Mimi si mtu wa afya, mke wangu anajifungua karibuni. Sisi ndugu tunaweza kusaidia nini?

Matroni_Mstaafu

Swali zuri sana baba. Pedi ikilowa chapa ndani ya dakika chache, kichwa kikiuma sana, akiona maruweruwe, akianza kuishiwa nguvu au kuchanganyikiwa, mwite nesi saa hiyo hiyo. Usione haya kwamba unamsumbua.

Mleta uzi, waliojifungua usiku huo wapange vitanda vinavyotazamana na meza yako, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kumwokoa magnesiamu ikimzidi, iwe pembeni ya mgonjwa huyo, isiwe kabatini. Ila haya yaandike kuwa ni ya dharura tu, wasije wakasema umeweza peke yako.

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mama, asanteni wote. Barua nimeandika, nimeomba mmoja ahamie usiku, na watoto nimewahesabu. Wenzangu wawili wako tayari kusaini nami, wengine wanaogopa. Nisubiri wote wakubali?

Matroni_Mstaafu

Marahaba. Saini tatu zinatosha. Peleka kesho asubuhi ukitoka zamu, pamoja na nakala za ripoti zako, na majina ya wagonjwa uyafute, waache na namba za vitanda.