Mjadala: Je, mkulima wa Uganda aliyefukiwa shamba na maporomoko alipwe fedha au aendelee kupewa posho, yaani msaada wa unga wa mahindi?

Mtoa hoja, Mbale:
Ndugu zangu, kila mvua za Mlima Elgon zinapozidi, Ofisi ya Waziri Mkuu hutuletea unga wa posho, maharagwe, mablanketi na maturubai, na baada ya muda malori hayaonekani tena. Siudharau msaada huo, kwani umeokoa wengi. Ila unamtazama mkulima kama mwenye njaa tu, wala si kama mtu aliyepoteza mtaji. Maporomoko ya udongo ya Novemba 2024 katika wilaya ya Bulambuli yaliua watu na kufukia pia mibuni, na mche wa kahawa ya arabika huchukua kama miaka mitatu kabla ya kumpa mwenyewe kikapu cha kwanza. Aliyebaki bila shamba akishamaliza unga, karo ataitoa wapi katika miaka hiyo mitatu? Naona serikali imlipe fedha kwa kadiri ya hasara yake, tena moja kwa moja kwenye simu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 imeweka Mfuko wa Dharura, unaopaswa kutengewa 0.5% ya bajeti ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo tusiambiwe kwamba jambo hili halina mlango.

Mchangiaji, Kasese:
Mzee wangu, hasara hiyo ataipima nani? Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, orodha ya waathirika kijijini kwetu ilirefuka kila ilipopita mkono mwingine, hadi ikawa na watu ambao hawajawahi kushika jembe, ilhali jirani yangu ambaye mihogo yake yote ilizolewa na mawe hakuwamo. Mabati ya msaada kwa watu wa Karamoja, ambayo ni vitu vya kuonekana kwa macho, yalipotea njia hadi mawaziri wakafikishwa mahakamani mwaka 2023. Fedha zisizoonekana zitafika? Mimi naona afadhali bima ya kilimo. Tangu 2016 serikali humlipia mkulima mdogo nusu ya ada, na kwenye maeneo ya majanga ruzuku hiyo hufika 80%.

Mtoa hoja:
Bima ni nzuri kwa anayefikiwa nayo, lakini huku kwetu mara nyingi huja ikiwa imefungwa pamoja na mkopo wa benki, na asiyekopa hana wa kumweleza. Kuhusu orodha nakubaliana nawe kabisa. Dawa yake ni kuisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiwepo, jina kwa jina na idadi ya mashina ya kila mtu, kwa maana mlimani kila mmoja anajua mibuni ya nani ilisimama kati ya kijito kipi na kipi, hata kama mimea ya mpaka imesombwa.

Mchangiaji, Bulambuli:
Wote wawili mmeniacha nyuma kidogo. Tatizo letu ni kwamba fedha hiyo itarudi palepale kwenye mteremko. Watu walianza kuhamishiwa Bunambutye mwaka 2019, nyumba wakapewa, lakini arabika haistawi kule tambarare, ndiyo maana wapo wanaopanda tena mlimani kulima na kulala kwenye vibanda. Ukimlipa mtu mibuni yake bila sharti, umemnunulia miche ya kupanda juu ya kovu lilelile la maporomoko.

Mtoa hoja:
Hapo umenigusa, na narekebisha hoja yangu: nusu itolewe mara moja kwa ajili ya chakula na karo, nusu ya pili itolewe baada ya mtu kuonyesha shamba jipya mahali ambapo wataalamu wa jiolojia wamepakubali.

Mchangiaji, Bulambuli:
Na aliyekodi? Mimi nililima kabeji kwenye robo ekari ya mtu mwingine, kodi nilikwisha kulipa, kabeji zikaenda na udongo. Huyo wa kusomwa mbele ya kijiji ni mimi, au ni mwenye ardhi anayeishi Kampala?