Jiko la presha la umeme kwa mama aishiye Njombe: je, litamfaa kwa maharage ya kila siku?

Mwana wa Njombe

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri kuhusu jambo nililolifikiria kwa wiki kadhaa. Mama yangu anaishi Njombe mjini pamoja na wajukuu watatu, na tangu nikiwa mdogo nimemwona akipika maharage na makande kwa mkaa, akiinjika saa nane mchana ili chakula kiwe tayari jioni. Mwaka huu kifua kimeanza kumsumbua, na mhudumu wa afya amemshauri apunguze kukaa kwenye moshi. Nyumba ina umeme wa LUKU na kuna mtungi wa gesi wa kilo 6, lakini yeye huutumia kwa chai na uji tu, kwa kuwa anasema maharage yataumaliza kabla ya mwezi kufika katikati, na kwa hesabu zangu hajakosea.

Nimeyaona haya majiko ya presha ya umeme yanayouzwa siku hizi, nami nataka kumnunulia moja, ila mambo matatu yananizuia. Kwanza, sijui linakula uniti ngapi kwa chungu kimoja cha maharage. Pili, Njombe ni juu sana na ni baridi, maharage ya huko hayaivi upesi kama ya Dar es Salaam, hivyo nashindwa kujua kama sifa ninazozisikia kwa watu wa pwani zitakuwa za kweli kwake. Tatu, na hili ndilo zito, mama anaogopa. Katika ujana wake alishuhudia mfuniko wa sufuria ya presha, ile ya kuweka juu ya moto, ukiruka na kumuunguza jirani yake usoni, na tangu siku hiyo hataki hata kulisikia neno presha. Sitaki kumletea kitu kitakachokaa kabatini, wala sitaki kumlazimisha. Aliyetumia kifaa hiki kwa muda wa kutosha naomba anieleze.

Mama Tandika

Marahaba mwanangu, na umpe mama pole ya kifua. Mimi natumia jiko hili mwaka wa pili sasa, hapa Tandika, nami ni mtu wa kuandika matumizi yangu kwenye daftari, kwa hiyo nitakujibu kwa namba.

Jiko langu ni la lita 6, lina nguvu ya wati 1,000, na nililinunua kwa shilingi 165,000. Siku nilipotaka kujua linakula kiasi gani, nilizima kila kitu ndani ya nyumba, nikasoma mita, nikapika nusu kilo ya maharage niliyoyaloweka usiku kucha kwa maji lita moja na nusu, kisha nikasoma mita tena. Zilitumika uniti 0.3. Nimerudia mara kadhaa, na kwa maharage yasiyolowekwa hufika 0.4 au kupita kidogo. Kwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, chungu hicho ni kama shilingi 90, na ukijumlisha makato yote inakaribia 110. Mama yako akiwa kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, ambalo uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja, gharama inashuka zaidi. Lakini hapo muwe waangalifu, kwa sababu uniti zinazozidi 75 hutozwa shilingi 350, na mwenye matumizi yaliyokaribia mpaka huo anaweza kuuvuka bila kujua pale anapoongeza jiko.

Kwa mkaa, chungu hichohicho kilikuwa kikinimalizia kopo la shilingi 1,500. Tofauti ni kama 1,400 kwa kila chungu, nami hupika vyakula vigumu mara tatu kwa wiki, kwa hiyo jiko lilirudisha bei yake baada ya miezi tisa hivi. Asiyepika maharage, makande, kongoro wala nyama ngumu mara kwa mara asitegemee hesabu hiyo. Kwa wali na mboga za majani faida ya fedha ni ndogo, na ugali unataka mkono na mwiko juu ya moto ulio wazi, basi usimwahidi mama kwamba gesi yake haitahitajika tena.

Kuhusu moshi, mwanangu, usichelewe. Mkaa hata usipotoa moshi unaoonekana hutoa hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu wa nyanda za baridi wana mazoea ya kuliingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Hilo linanitia hofu kuliko mfuniko wa presha.

Fundi Umeme, Mbeya

Nimefanya kazi ya kutengeneza vifaa vya jikoni kwa miaka mingi, na nimeyafungua majiko haya ya kutosha, kwa hiyo naomba nijibu swali la usalama na la mwinuko kwa pamoja, kwa kuwa yanatoka kwenye chanzo kimoja.

Maji huchemka pale kanieneo, yaani presha, ya mvuke wake inapolingana na ya hewa iliyoyazunguka. Usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100. Njombe iko kwenye mita zipatazo 1,900 na zaidi, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa nyuzi 93 au 94 tu. Ukiongeza mkaa hayapandi joto, yanakauka. Ndiyo sababu maharage ya mama yako huchukua mchana mzima, na wala si kosa la maharage. Jiko la presha huuzuia mvuke usitoke, kanieneo inapanda, na maji yanalazimika kufikia joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka. Mengi ya majiko ya umeme huongeza kanieneo ya kilopaskali (kipimo cha kanieneo) 70 hivi juu ya ile ya hewa ya mahali lilipo. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kama nyuzi 115, na kwa Njombe kama 111. Kwa hiyo ni kweli kwamba Njombe litachelewa kidogo kuliko pwani, na mama aongeze dakika kumi juu ya zile zilizoandikwa, lakini tazama anachokipata yeye: kutoka 93 hadi 111 ni nyuzi 18, wakati mtu wa pwani anapata 15. Anayeishi juu ndiye anayefaidika zaidi.

Sasa hofu ya mama. Hofu hiyo ina msingi, na ni ya zamani kama chombo chenyewe. Mfaransa Denis Papin alipotengeneza chungu cha kwanza cha namna hii mwaka 1679 kwa ajili ya kulainisha mifupa, ilimlazimu abuni na vali ya usalama, kwa sababu mvuke uliofungiwa hutafuta njia. Sufuria ya kuweka juu ya moto ina tatizo moja kubwa: moto haujui kinachoendelea ndani. Tundu la mvuke likizibwa na ganda la harage, mkaa unaendelea kuwaka. Jiko la umeme lina swichi ya kanieneo chini ya sahani ya joto, na kanieneo inapofika kiwango chake, swichi hiyo hukata umeme yenyewe. Ikishindwa, kipo kidhibiti cha joto. Hicho kikishindwa, vali ya juu huachia mvuke. Na kwenye mfuniko kuna kipini kidogo cha chuma kinachoinuka mvuke unapojaa na kuufunga mfuniko usizunguke hadi kitakaposhuka. Mfuniko ulioruka zamani, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ulifunguliwa kwa nguvu wakati mvuke ungali ndani.

Hata hivyo yapo ambayo mashine haiwezi kumfanyia. Asijaze kupita nusu anapopika maharage, kwa sababu yanatoa povu na kuvimba. Baada ya kuiva aache mvuke utoke wenyewe bila kuifungua vali, kwani povu la maharage likitoka kwa kasi huziba tundu na kurusha maji ya moto. Mpira wa mfuniko uoshwe kila baada ya matumizi na ubadilishwe ukianza kulegea au kupasuka. Na tafadhali, jiko lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Wati 1,000 ni zaidi ya ampia 4, na nyaya nyembamba za kuongezea soketi zinazouzwa barabarani huyeyuka taratibu bila mtu kuona, hasa kama pasi au birika la umeme limechomekwa hapohapo.

Mjukuu wa Nyahururu

Hamjambo. Mimi ni wa Kenya, na Nyahururu kwetu ni juu zaidi ya Njombe, kwenye mita 2,300 hivi. Nilimnunulia nyanya yangu meko kama haya wakati kampuni ya stima ilipokuwa ikiyatangaza kupitia kampeni ya Pika na Power, na githeri yake, yaani makande, ambayo ilikuwa ya saa nne juu ya makaa, sasa ni ya saa moja. Aliyoyasema fundi kuhusu mwinuko nimeyaona kwa macho yangu.

Ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa, nalo ndilo lililotukwamisha kwa miezi miwili. Makaa kwetu hayakuwa ya kupikia tu. Yalipasha nyumba joto, na watoto walikaa kando yake jioni wakisoma. Githeri ilipohamia kwenye meko ya stima, nyumba ikawa baridi, na nyanya akarudi kuwasha jiko, safari hii bila chungu juu yake. Kwa muda tulikuwa tunalipia vyote viwili na kifua chake hakikupata nafuu yoyote. Tulifanikiwa tulipoziba nyufa za dari na kumnunulia blanketi nzito na chupa za maji ya moto. Kwa hiyo muulize mama yako jiko la mkaa linamfanyia kazi gani nyingine kabla hujampelekea hili.

Mwana wa Njombe

Nawashukuru sana. Ndugu wa Nyahururu umenigusa, kwa maana hata kwetu wajukuu hukaa kuzunguka jiko jioni, nami sikulifikiria hilo kabisa. Nimempigia mama simu usiku wa leo nikamweleza habari ya kipini kinachofunga mfuniko, akaniuliza maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu. La kwanza, umeme ukikatika katikati maharage yatakuwaje? La pili, vitufe vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, naye husoma Kiswahili tu. Ameniambia hataki kumwita mjukuu kila anapotaka kupika.

Fundi Umeme, Mbeya

Umeme ukikatika baada ya presha kujaa, usifungue. Sufuria imefungwa vizuri, joto hupotea polepole, na chakula kinaendelea kuiva kwa muda. Ila kuna tofauti kati ya aina mbili. Yale ya vitufe na taa za namba, mengi husahau yalipofikia, na umeme ukirudi hukaa kimya hadi yaanzishwe upya. Yale ya kitasa cha kuzungusha chenye dakika huendelea yenyewe umeme unaporudi. Kwa mama yako ningechagua la kitasa bila kusita, kwa sababu linajibu na swali la pili: namba za dakika hazina Kiingereza.

Ajue pia kwamba umeme mdogo unachelewesha mno. Jiko la wati 1,000 lililotengenezwa kwa volti 230 likipata volti 180 hutoa kama wati 600 tu, basi jioni, wakati mtaa mzima unapika, asishangae likichukua muda mrefu kupanda.

Na maharage mekundu yawe yamechemka kikamilifu kila mara. Mabichi yana sumu inayoharibu tumbo, na kuyaacha kwenye joto la kutunza chakula hakuiondoi. Umeme ukikatika kabla presha haijapanda na usirudi, ayahamishie kwenye gesi.

Mama Tandika

Fundi amesema vyema kuhusu kitasa. Ukilikosa na ukalazimika kununua la vitufe, fanya kama nilivyomfanyia dada yangu: weka tone la rangi ya kucha nyekundu kwenye kitufe cha maharage, tone jeupe kwenye cha wali, na acha vingine vyote bila alama. Hajawahi kukosea.

Lakini lililo kubwa ni namna ya kulifikisha. Usilitume kwa basi likiwa ndani ya boksi. Nenda nalo, na siku ya kwanza upike wewe, yeye akae mbali kadiri atakavyo. Pika maji matupu, lita moja, dakika tano, ili aone kipini kikipanda na kushuka pasipo chakula cha kuharibika. Siku ya pili pika maharage. Mwache auguse mfuniko yeye mwenyewe wakati kipini kiko juu, ahisi unavyokataa kuzunguka. Mtu aliyeona mwenzake akiungua haaminishwi kwa maneno, na serikali inayotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034 ingefanya vizuri kuwatuma watu wa kukaa jikoni na akina mama wa umri wake, kwa sababu bei siyo kizuizi pekee.

Mwana wa Njombe

Nitasafiri mwisho wa mwezi na jiko la kitasa la lita 6, mpira wa akiba, na fundi wa kuchunguza soketi ya jikoni kwanza. Dari nayo nitaitazama. Mama amekubali jambo moja: yeye atachambua na kuloweka maharage, mimi nitafunga mfuniko, na tutakaa wote wawili hadi kipini kitakaposhuka.