Mjadala: Tamasha lisilo na njia ya kiti mwendo linyimwe kibali?

Wakuu, hoja hii naileta nikiwa bado na uchungu.

Desemba, Moshi imejaa watu waliorudi nyumbani kwa sikukuu, nilimpeleka mdogo wangu kwenye tamasha la muziki. Anatumia kiti mwendo. Tuliwahi, saa kumi na moja jioni, tukakuta mafundi mitambo wanaingiza spika. Pale mlangoni pana ngazi tatu. Walikuwa wamelaza mbao mbili nene juu ya ngazi, masanduku ya magurudumu yanasukumwa, yanapita. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, leo njia ipo."

Saa mbili usiku, wanaanza kuingiza watu, mbao zilikuwa zimesharudi kwenye lori. Mabaunsa wanne wakambeba juu juu na kiti chake, shati limepanda mpaka mbavuni, kang'ang'ania gurudumu, huku simu za watu zinamrekodi. Mimi msindikizaji nililipa kiingilio kamili. Ndani, watu waliposimama, aliona migongo tu. Wimbo wa tatu akaomba turudi nyumbani.

Msimamo wangu: tamasha kubwa lisipewe kibali mpaka mwandaaji aonyeshe njia ya kupita, sehemu iliyoinuliwa ya kuonea jukwaa, na choo ambacho kiti kinaingia. Msaidizi aingie bure. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inazungumzia utamaduni na burudani. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hapa hatuombi hisani.

Mapromota, Arusha na huku kwetu, hujibu kwamba wenye viti mwendo huja wawili watatu, gharama hairudi. Basi tupige hesabu. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita 1, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko wa mita 5.4. Hiyo ni kazi ya fundi seremala, na tamasha lijalo unatumika tena. Kwenye uwanja wa nyasi mvua ikinyesha magurudumu yanazama, tandika plaiwudi. Halafu hao wawili watatu ni wale waliokubali kubebwa. Wengine wamebaki nyumbani, nao hamjawahi kuwahesabu.

Panaponisumbua ni kwa viziwi. Wapo wanaofurahia muziki kwa mtetemo wa besi kifuani, lakini maneno yanahitaji mkalimani wa lugha ya alama, aliyepewa mashairi mapema na kuwekewa taa inayomulika mikono yake. Wakalimani ni wachache, na mimi nisingezuia kibali leo kwa sababu hiyo. Kiziwi anayesoma hapa ataniuliza kwa nini yeye ndiye asubiri. Sina jibu la kumridhisha, na ningependa aanze yeye kuchangia.

Baa ndogo yenye bendi ya Ijumaa ningeiacha kwa sasa. Wengine mnasemaje?

Na nyie mapromota: zile mbao za spika, hata kama mwinamo wake ulikuwa mkali, watu wawili wangemsukuma akapita ameketi kwenye kiti chake. Kwa nini zisibaki mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke?