Ukoo wa Kuze (Toronto, Jersey, Mombasa)

IJUMAA

19:02 Rukia: Assalaam alaikum. Nauliza tena. Jumamosi ijayo New York, nani yumo? Kijana anataka kuyaona majumba ya magazeti ya mashujaa wake na nimeshampa ahadi.

19:05 Rukia: Njia nimeipanga. Kwanza Mtaa wa 42 Mashariki, jengo la Daily News la 1930. Ndilo lililokuwa Daily Planet, gazeti la Superman, kwenye filamu yake ya 1978. Ukumbini lina tufe kubwa la dunia. Kisha tunashuka Mtaa wa 23, jengo la Flatiron, ile ofisi ya Daily Bugle ya Spider-Man ya 2002.

19:40 Rukia: Mmesoma, naona. Jibuni basi.

20:15 Hamisi: Shangazi, kwani lazima New York? Superman alipoanza 1938, akijiita Clark Kent, alikuwa mwandishi wa Daily Star. Planet limekuja 1940. Na Joe Shuster, mchoraji wake, kazaliwa papa hapa Toronto, utotoni akiuza Toronto Star. Twende King Street, nauli ya treni tu.

20:17 Rukia: King Street utamwonyesha nini? Jumba la Star lilivunjwa 1972.

20:17 Hamisi: Tutamwonyesha lilipokuwa.

20:19 Rukia: Mtoto hapigwi picha na hewa. Tena lilijengwa 1929, Shuster na wazazi wake washahamia Cleveland zamani.

20:24 Hamisi: Mji aliondoka nao kichwani. Mwenyewe alisema Metropolis, mji wa Superman, aliichora akiikumbuka Toronto.

20:31 Nasra: Mamdogo, kijana anauliza mbona tufe la Daily Planet liko juu ya paa na hili liko ndani.

20:32 Rukia: Mwambie la paani ni la wachoraji. Hili la ndani atalisogelea mpaka alione bara letu.

20:50 Saidi Jersey: Mimi nipelekeni kwa Jameson, yule mhariri mkali wa Daily Bugle. Bosi wangu ndiye yeye, kakosa masharubu tu 😂

20:51 Hamisi: 😂😂 Naye anazitaka picha halafu halipi?

20:51 Saidi Jersey: Analipa nusu, tena kwa makelele.

20:58 Rukia: Jamani hoteli! Bei inapanda.

22:10 Mama Nasra: Gari la nani? La Niagara nililikodi mimi, mafuta mimi. Wenye deni humu wanajijua.

22:11 Saidi Jersey: Yameanza.

22:12 Mama Nasra: Kwani yalikwisha lini?

22:14 Hamisi: Superman hakodi gari 🦸🏾

22:15 Mama Nasra: Wewe ndiye wa kwanza, Hamisi.

22:56 Babu: Nimetoka msikitini nimesoma yote. Za Niagara asizitaje mtu tena, nitamrudishia Mama Nasra mimi. Nyote mmesoma kwa magazeti niliyoyatandaza chini pale Posta, na jumba linakochapishwa gazeti sikuwahi kuingia. Leo mjukuu wangu anataka kulijua gazeti linatoka wapi, nyinyi mwamhesabia mafuta. Mtoto apelekwe.

JUMAMOSI

08:20 Mama Nasra: Shikamoo Baba. Usitume chochote, nakuomba. Yamekwisha.

08:22 Rukia: Shikamoo Baba. Atapelekwa inshallah.

09:05 Saidi Jersey: Shikamoo Babu. Hoteli msilipe, mlale kwangu. Ila siku hiyo nina zamu mpaka saa nane mchana.

09:07 Babu: Marahaba wanangu.

09:30 Rukia: Ahsante Saidi. Sasa dereva. Hamisi?

11:48 Hamisi: Naweza kuendesha kwenda. Kurudi Jumapili sijui, Jumatatu alfajiri nina kazi. Na pasi ya mtoto iko? Mpakani wataiuliza.

11:50 Rukia: Mama Nasra?

12:35 Mama Nasra: Nahisi imekaribia kuisha muda. Naitafuta.

12:36 Rukia: Itafute sasa hivi dada. Na wa kurudi nani?