Naomba ushauri: hafshafti iliyochomelewa kwenye skwea paipu itahimili kupinda?

FundiTela_Arusha:
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo Unga Limited, hapa Arusha. Mteja wangu anabeba nyanya kutoka Ngarenanyuki kwa pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono linalovuta tela), na ekseli ya tela lake imekatika njiani likiwa limejaa. Ilitengenezwa karakana nyingine. Nimeifungua: katikati ni skwea paipu (bomba la pembe nne) ya chuma laini, kila ncha imechomelewa kipande cha hafshafti ya gari (fimbo nene ya chuma inayozungusha gurudumu) kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mshono ni mzima kabisa. Kilichokatika ni hafshafti yenyewe, milimita chache kando ya mshono, na palipokatika panameta punjepunje. Haikupinda hata kidogo kabla ya kukatika.

Anataka nitumie hafshafti tena, kwa sababu anazo. Tela na mzigo ni kama tani moja na nusu. Nitumie stiki gani ya kuchomelea? Na nitajuaje kwamba kiungo kina nguvu kabla sijampa mtu akaingia nacho barabarani? Nyuma ya tela kunakuwa na watu, naogopa.

Mzee wa Grenda:
Tumia 7018, achana na 6013. Imeisha hiyo.

Chuma_Moshi:
Mzee wa Grenda, shikamoo. Stiki ni sahihi, ila peke yake haitamsaidia.

Fundi, tatizo liko kwenye kaboni. Skwea paipu ina kaboni chini ya asilimia 0.25. Hafshafti kwa kawaida inazunguka 0.4 au zaidi, na nyingi zina kromiamu juu yake. Ukichoma weldi kwenye chuma kinene cha namna hiyo kikiwa baridi, joto linanyonywa haraka mno na ukanda mwembamba kando ya mshono unageuka mgumu na mkavu, yaani unakatika bila kupinda. Hapo ndipo ilipokatikia hiyo ya mteja wako. Kwanza, kujua chuma ni kipi, gusisha grenda: chuma laini kinatoa cheche ndefu zenye matawi machache, chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka matawi mengi.

Pasha hafshafti ifike kama nyuzi 200 hadi 250 kabla ya kuanza, na joto lisishuke mpaka umalize raundi zote za weldi. Kisha ifukie kwenye majivu makavu ipoe polepole mpaka kesho. Maji usiyasogeze. 7018 inafaa kwa sababu ina haidrojeni kidogo, lakini paketi ikikaa wazi inanyonya unyevu na faida hiyo inapotea. Kuikausha kunataka nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja hivi, kwa hiyo kama huna oveni ya stiki, fungua paketi mpya siku hiyo hiyo.

FundiTela_Arusha:
Asante sana mkuu. Na kupima? Nimewaza nichomelee vipande viwili vya majaribio, nivipinde kwenye presi ya beringi.

Mkaguzi_Kili:
Wazo zuri, ila angalia unavyopinda. Ukipinda kipande ambacho mshono umekingama katikati yake, chuma laini ndicho kitakachopinda chote. Upande wa hafshafti utabaki umenyooka, na utadhani kiungo kimefaulu kumbe sehemu ya hatari haijaguswa. Kwa vyuma viwili visivyolingana ugumu, kata kipande ambacho mshono unakwenda kwa urefu wake, ndipo upinde. Hapo chuma laini, weldi na chuma kigumu vinavutwa sawasawa, na ukanda mkavu ukiwepo utapasuka mbele ya macho yako.

Usipime siku hiyo hiyo. Nyufa za haidrojeni zinaweza kutokea hata baada ya saa 48. Kwenye ekseli yenyewe, paka mafuta ya taa, futa, kisha paka chaki. Penye ufa mafuta yatachora mstari.

Nikuongezee hesabu. Kila gurudumu linabeba kilo 750, kama nyutoni 7,500. Kama mshono uko milimita 100 kutoka katikati ya gurudumu, hafshafti ya milimita 40 inapata msongo (nguvu kwa kila eneo la chuma) wa takribani megapaskali 120. Ikiwa ya 35, inafika kama 178. Milimita tano tu! Na hapo tela limesimama. Kwenye shimo unaweza kuzidisha mara mbili, na chuma laini cha kawaida kinaanza kulegea kwenye 250 hivi.

Chuma_Moshi:
Ndiyo maana mimi nisingeiacha weldi ibebe kupinda peke yake. Usiunganishe ncha kwa ncha. Chonga hafshafti iingie ndani ya paipu kwa kubana, na iende ndani kadiri unavyoweza. Ukiongeza mara mbili urefu ulioingia, nguvu inayosukuma kuta za paipu inapungua nusu. Toboa matundu pembeni mwa paipu uyajaze weldi kuizuia isichomoke, na unapochoma mshono wa mdomoni mwa paipu usichimbe mfereji ukingoni, maana ufa hupenda kuanzia hapo.

Dereva Pawatila:
Na springi pleti zake je? Kuna fundi alinichomelea moja kwenye ekseli.

Chuma_Moshi:
Itoe, ndugu yangu. Springi ina kaboni kama asilimia 0.6 na imeshakazwa kwa moto. Ukiichomelea unaiharibu papo hapo. Weka mpya, uifunge kwa yu-bolti (bolti yenye umbo la U).

FundiTela_Arusha:
Nimeelewa. Kesho naanza na vipande vya majaribio, mshono kwa urefu. Hafshafti za 35 namrudishia.