MJADALA: Kanisa la zamani likishakuwa dogo, livunjwe au liachwe?

Kijana_wa_Majengo:
Wakuu salaam. Huku kwetu mlimani upande wa Moshi Vijijini (usharika siutaji, wenyewe mtajijua) kamati ya ujenzi imeleta ramani ya kanisa jipya, lina roshani ndani, lina paking ya magari, kila kitu, ila ramani yenyewe imekaa juu kabisa ya lile kanisa la zamani, maana yake linavunjwa.

Mimi napinga. Nendeni mkaangalie zile kuta, mawe meusi ya mlimani, unene wake ni kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya vidole, ndio maana hata jua la Januari saa saba mchana ndani kuna ubaridi na hakuna feni. Kenchi zake ukiziangalia kwa karibu sehemu za kuungia hamna msumari, mbao imechongwa ulimi ikaingizwa kwenye tundu ikapigiliwa kijiti. Leo hiyo kazi unampa nani?

Na msidhani serikali itakuja kuzuia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sasa 1863 huku kwetu nani alikuwa na kanisa? Mmisionari Rebmann kauona mlima 1848 akaondoka zake, Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani wameingia Machame 1893, mapadri wa Roho Mtakatifu Kilema nao ni hapohapo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hata kanisa la Azania Front la Dar lenyewe limejengwa 1898 mpaka 1902. Kwa hiyo waziri asipotangaza jengo kwa jina, kamati ikipitisha Jumapili basi Jumatatu kijiko kinaingia.

Dada_wa_Soweto:
Kaka pole, ila nyie watu wa Desemba mnachosha. Mnapanda na IST zenu Krismasi, mnapiga picha mbele ya mnara, tarehe mbili mmeshuka. Sisi tunaobaki ndio tunakaa kwenye turubai nje ibada ya pili, Aprili mvua inapiga kutoka pembeni, mtoto amelowa, mchungaji humsikii. Kanisa ni la kusalia, sio makumbusho.

Kijana_wa_Majengo:
Dada mimi nipo Moshi mwaka mzima, Majengo hapo hapo, na turubai nakaa pia. Sijasema tusijenge. Nimesema tusijenge JUU yake, tujenge pembeni.

Mzee_wa_kihamba:
Pembeni wapi mwanangu? Huku chini shule, huku juu vihamba, mashamba ya ukoo ya watu, na kihamba hakiuzwi unajua mwenyewe, kuna makaburi ya wazee mle. Halafu mnaongea kama kanisa ni kuta. Gutmann, yule mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro 1902, pale Old Moshi alijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, hicho ndicho kilichobaki mpaka leo. Jengo lilikuja kutufuata sisi.

Mmeru_wa_Akeri:
Naomba niingie hapa kutoka Arusha. Mzee umegusa penyewe. Kwetu Akeri 1896 waliuawa wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, kilichofuata ni Kapteni Johannes wa Wajerumani kuja na jeshi kulipiza, na wapiganaji wa Kichagga wakiwa upande wake (samahanini majirani, ndio historia ilivyo). Misheni ya Nkoaranga imekuja baadaye, 1902. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Meru kwamba jengo la enzi za Mjerumani ni urithi wetu sote, anaweza akakuangalia tu. Ila mimi hapo ndipo napata sababu ya kuliacha, ukilivunja hiyo habari utamwonyesha nani na wapi? Watoto wa sasa hivi wanajua makanisa yalishuka na mvua.

Fundi_Kiborloni:
Mnabishana kuvunja, mimi nawaambia mengi yameshaharibiwa bila kuvunjwa, yanaharibiwa na ukarabati. Kuta za zamani za mawe zimejengwa kwa chokaa, ukuta unanyonya maji ya mvua halafu unayatoa wenyewe jua likiwaka. Anakuja mfadhili anataka paonekane papya, mnapiga plasta ya saruji nje, rangi ya mafuta ndani, tailizi mpaka usawa wa dirisha. Maji yanabaki mle mle ndani hayana pa kutokea, baada ya misimu michache plasta inavimba, ukiigonga inalia wazi, inaanguka vipande vikubwa, chokaa nyuma yake imeshakuwa unga. Halafu kamati inasema jengo limezeeka ni hatari livunjwe! Halijazeeka, limezibwa pumzi. Kwanza angalieni gata za bati, maana nyufa nyingi ninazoitwa kuziangalia zinaanza na maji ya paa yanayomwagikia kwenye msingi.

Dada_wa_Soweto:
Fundi hilo nakubali, letu lina tailizi za bluu mpaka dirishani kama bucha. Lakini swali la Mzee halijajibiwa, pembeni ni wapi?

Kijana_wa_Majengo:
Shule ina madarasa mawili ya zamani yanayopakana na kanisa na yote yamefungwa, na ardhi ni ya kanisa, hati ni moja. Kanisa jipya likae hapo, la zamani libaki la ibada ya asubuhi, Sunday school, mazishi. Ramani ichorwe upya tu, mchoraji hajamaliza hata kulipwa.

Mzee_wa_kihamba:
Hilo la madarasa sikulifikiria, nitaliuliza kwenye baraza la wazee. Ila ujue bahasha za ujenzi zimeandikwa kanisa jipya, mtu aliyetoa ahadi hutamwambia hela yake imeenda kwenye chokaa.

Fundi_Kiborloni:
Mzee chokaa sio ghali. Ghali ni kuisubiri, inaloweshwa muda mrefu, inapigwa tabaka jembamba moja moja, na kila tabaka linasubiriwa likauke. Mkiniletea mfadhili anayetaka kuzindua kabla ya Pasaka mimi hiyo kazi siichukui.