Wikendi ya Novemba Nairobi bila gari: Longonot, Hell's Gate au Ngong?

MtuWaUpanga

Wakuu, habari. Kikao changu Nairobi kinaisha Ijumaa saa sita mchana, wiki ya pili ya Novemba, na basi la kurudi Dar linaondoka Jumatatu alfajiri. Nafikia maeneo ya River Road, sina gari na sitaki kukodi. Nataka siku moja ya kupanda mlima na siku moja ya baiskeli. Nafasi ikipatikana, na kuteremka mto kwa boti ya mpira pia. Mazoezi ninayo, ila ni ya tambarare na usawa wa bahari.

Naona matangazo ya safari za siku moja zinazochanganya mlima Longonot na mbuga ya Hell's Gate. Inawezekana kweli? Na kwa usafiri wa umma nipande nini, nishukie wapi, nibebe nini? Raba za kawaida zinatosha?

Jivu_na_Vumbi

Karibu. Longonot na Hell's Gate siku moja inawezekana kwenye tangazo. Piga hesabu: Longonot ni kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingo wa kreta (lile shimo la volkano juu ya mlima), 7.2 kuuzunguka ukingo, na 3.1 kushuka. Hizo ni saa nne hadi tano kwa mwenye pumzi. Hell's Gate kwa baiskeli, kwenda mpaka korongoni na kurudi, ni kama kilomita 16. Wanaokwenda na gari la kukodi huishia kugusa ukingo tu, wanapiga picha na kushuka, halafu wanaanza baiskeli jua la saa nane likiwachoma utosini. Wewe bila gari ongeza na muda wa kusubiri matatu ijae.

Ningepanga hivi: usirudi Nairobi Jumamosi. Siku hiyo panda Longonot, jioni teremka Naivasha ukalale, Jumapili asubuhi baiskeli, na saa nane mchana uwe umeshakaa kwenye matatu ya kurudi. Nairobi hadi huko ni kama kilomita 90, kwa hiyo umeokoa safari nzima ya kwenda na kurudi. Saa nane si mzaha: Jumapili jioni barabara ya kutoka Naivasha hufurika magari ya wanaorudi mjini, na nauli hupanda pia.

Matatu za Naivasha ziko Nyamakima, kwa miguu kutoka River Road. Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea, kwa sababu barabara ni mbili. Ya juu inapita Limuru, ya chini inateremka bonde hadi Mai Mahiu, na Longonot iko kwenye ya chini. Makanga akikuitia "Naivasha, Naivasha, ingia twende", muulize kwanza: mnapitia juu au Mai Mahiu? Ukikosea, mlima utauona dirishani kwa mbali na kuupita. Ukikosa ya moja kwa moja, panda ya Mai Mahiu tu, ubadilishe hapo. Mwambie makanga akushushe njia panda ya Longonot, kisha boda mpaka langoni. Patana nauli kabla ya kupanda na uchukue namba ya huyo boda, maana mchana ukishuka mlimani hutakuta foleni ya pikipiki inakusubiri.

Mambo ya langoni. Mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hazipokei fedha taslimu. Malipo ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa M-Pesa au kadi. Fungua akaunti ukiwa bado hotelini na ulipe usiku uliotangulia, ili asubuhi usianze kuhangaika na mtandao. Beba pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu: raia wa Afrika Mashariki hatozwi kama mgeni wa mbali, lakini lazima uthibitishe. Na chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Nunua chupa ngumu, au mbili.

Kuhusu mlima wenyewe. Lango liko kama mita 2,150 na kilele ni mita 2,776, ila ukingo unapanda na kushuka mara nyingi, kwa hiyo miguu itahesabu zaidi ya hiyo tofauti. Udongo ni jivu la volkano. Maji ya mvua yamechimba mifereji katikati ya njia, na juu yake kuna changarawe ndogo zinazoviringika chini ya kiatu kama punje za mahindi sakafuni. Raba zitakupandisha vizuri tu. Shida ni kushuka. Kama soli imelainika utakalia makalio. Zenye meno zinatosha, huhitaji buti. Kaza kamba upya kabla ya kushuka, vidole visigonge mbele ya kiatu.

Maji lita 3, usipunguze. Juu hakuna chemchemi, na kivuli ni cha kubahatisha. Beba pia kitu chenye chumvi, karanga au viazi vya kuchemsha, kwa sababu jasho la muda wa saa tano linatoa chumvi mwilini pia. Kwa mtu wa Dar, pumzi itakatika mapema kuliko ulivyozoea. Utakuwa umelala Nairobi siku kadhaa, karibu mita 1,800, na hiyo inasaidia. Kipimo rahisi: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umekwenda mbio.

Novemba ni mvua za vuli. Asubuhi huwa safi, mawingu hujikusanya mchana. Ukingo ule ni wazi na radi haina pa kupiga isipokuwa wewe, kwa hiyo ondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, uwe unapanda kabla ya saa tatu. Ukifika ukingoni baada ya saa tano, au mawingu meusi yameshaanza kusimama, usizunguke. Kaa, kula, tazama msitu ulio ndani ya kreta, shuka.

Cheni_Legevu

Naongezea ya Jumapili. Kutoka Naivasha mjini panda matatu ya barabara ya kusini mwa ziwa, zile zinazokwenda Kongoni, ushukie njia panda ya Elsa, lango la Hell's Gate. Kama umelala huko huko kando ya ziwa ni bora zaidi, unaamka karibu. Angalizo la usiku tu: viboko hutoka majini kula nyasi, kwa hiyo ukiwa kambini usivuke uzio kwenda kuutazama mwezi.

Baiskeli zinakodishwa hapo njia panda. Usichukue ya kwanza unayoletewa. Inua gurudumu la mbele ulizungushe: likigusa mpira wa breki au likiyumba, irudishe. Kisha sukuma baiskeli huku umebana breki ya nyuma. Gurudumu lisiposimama kabisa, irudishe pia. Fanya hivyo na ya mbele. Gia zijaribu ukiwa unaendesha mita mia hivi, kwa sababu ikiwa imesimama kila gia ni nzima. Kiti kiwe na urefu ambao ukiweka kisigino kwenye pedali ya chini, goti linanyooka. Wengi hukodi wakiwa na haraka, wanaendesha kiti kikiwa chini kama cha mtoto, na baada ya kilomita tano magoti yanalia.

Kinachoharibu siku humo ndani ni miiba ya migunga. Omba pampu na tyubu ya akiba, na uulize wazi wazi nani anakuja kukuchukua ukipata pancha ya pili. Usiegeshe baiskeli nje ya njia kwenye majani, miiba iko hapo. Sehemu nyingine za njia zina mchanga mzito. Shusha gia kabla hujaingia, sukuma uzito nyuma, usikate usukani ghafla. Ukihisi gurudumu la mbele linazama, endelea kukanyaga.

Wanyama: pundamilia, twiga na swala watakuacha upite. Nyati ni habari nyingine. Ukiwaona karibu na njia, simama mbali na usubiri, au ungana na kundi la waendeshaji wengine. Kwenye mahali pa kupumzikia, nyani wanajua mfuko wa mkate ukoje kuliko unavyojua wewe. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu.

Kona_Baridi

Mpango ni mzuri, ila mvua ikinyesha Ijumaa usiku kucha, uwe na pa pili pa kukimbilia. Ngong Hills. Matatu namba 111 kutoka mjini hadi Ngong, boda hadi lango la KFS (idara ya misitu ya Kenya) karibu na mitambo ya upepo. Kutoka hapo kupita vilele hadi Kona Baridi, barabara ya Magadi, ni kilomita kumi na kitu, saa nne hadi tano. Kilele cha mwisho, Lamwia, kina mita 2,460.

Pale kwenye mitambo kuna watu wengi. Kwa kuwa utavuka hapo, chukua askari wa msitu langoni umlipe akusindikize mpaka mwisho, maana wizi umewahi kutokea upande wa mbele. Jaketi la kuzuia upepo ni lazima hata jua likiwaka. Ukifika Kona Baridi unapata gari la Kiserian, na Kiserian hadi mjini magari hayakatiki. Usianze mwendo huo baada ya saa sita mchana.

MtuWaUpanga

Asanteni sana, nimeshaelewa. Mawili yamebaki. Korongo la Hell's Gate lenyewe, naingia au siingii? Na kuna anayejua mto wa Sagana?

KasiaMkononi

Korongo: Novemba, hapana, hata ukikuta liko wazi. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakuta watu mle ndani, na kila mara walikufa saba. Korongo la Ol Njorowa ni jembamba, kuta zake zimesimama, na maji yanakuja kutoka milimani ambako wewe aliye chini huoni mvua. Juu ya kichwa chako mbingu inaweza kuwa ya buluu kabisa. Sehemu za kupandia ni chache na zinateleza. Litazame kutoka ukingoni, uwaulize askari wa mbuga hali ilivyo siku hiyo, ugeuze baiskeli.

Sagana haiingii kwenye wikendi hii. Iko upande mwingine, barabara ya Thika kuelekea Nyeri, na inakula siku nzima. Ukiamua kuacha baiskeli na kuchukua mto, Novemba maji ya mto huo huwa mengi, mekundu na yenye nguvu. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: kuna kayaki ya uokoaji inayotangulia? Mnayo kamba ya kumtupia mtu aliyeanguka? Maji yakizidi kiwango mnaahirisha na kurudisha fedha? Anayebabaika kujibu la tatu, mwache.

Koti la kuokoa maisha libane kiasi kwamba mtu akikuvuta mabegani halipandi masikioni. Mkono mmoja usiachie kamwe kichwa cha kasia, kwa sababu ndicho kinachong'oa meno ya jirani. Ukianguka majini, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu viko juu ya maji. Usijaribu kusimama penye mkondo hata kama maji ni ya magotini: mguu ukinaswa kati ya mawe, mto unakulaza kifudifudi. Miwani ifunge kwa uzi, simu iache nchi kavu.

Jivu_na_Vumbi

Na Ijumaa mchana usilale. Karura iko ndani ya jiji, hekta elfu moja na kitu, baiskeli zinakodishwa humo humo, na njia zina alama. Saa mbili za kuzunguka hapo zitakuonyesha kama gia na breki bado unazikumbuka kabla ya kwenda kukutana na mchanga wa Hell's Gate. Toka kabla ya giza, kisha ukalipie tiketi za KWS.